Uzio Usioonekana: Mwenye Simu Ndiye Mwenye Lango



Tunapomtaja Raheli katika mafundisho ya akina mama, mara nyingi tunamkumbuka kwa uzuri wake na kwa machozi yake ya kutafuta mtoto. Lakini Biblia inapomleta mbele yetu kwa mara ya kwanza, katika Mwanzo 29, inatuonyesha binti aliye kazini. Anakuja kisimani na kondoo wa baba yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mchungaji. Basi kazi ya mifugo haijawa ya wanaume peke yao tangu zamani, na wengi tunaokutana katika ukurasa huu tunalijua hilo bila kuambiwa. Anayekata majani ni mama, anayechota maji ni mama, na anayeamka ng'ombe akilia usiku ni mama.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze habari ya kitu ambacho vijana wetu hupenda kutuonyesha katika simu zao, yaani uzio usioonekana wa kuchungia ng'ombe wa maziwa. Unaona kundi kubwa katika malisho mapana. Hakuna nguzo, hakuna waya, hakuna mchungaji, nao hawavuki mpaka. Saa ya kukamuliwa ikifika, wanageuka na kwenda bandani wenyewe, mmoja nyuma ya mwenzake. Wengine wakiona husema ni uongo, wengine husema ni uchawi, na wengine hutamani kukopa kesho yake wakanunue. Hakuna haja ya lolote kati ya hayo matatu. Tukielewa jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, tutajua kinafaa wapi na hakifai wapi.

Tuseme neno letu mapema, ili msomaji mwenye chungu jikoni asilikose: uzio huu hupunguza mwendo wa miguu, lakini haupunguzi uangalizi. Anayelisahau hilo ataumiza ng'ombe wake, na pengine ataumiza na nyumba yake.

Ulikotoka

Nchi ya New Zealand ni mfano mzuri wa kutufundisha. Huko ng'ombe wa maziwa hula majani ya shambani karibu mwaka mzima, na kundi la kawaida lina ng'ombe zaidi ya 400 wa kukamuliwa. Mashamba mengi ni ya familia: mume, mke, na msaidizi mmoja au wawili. Wakulima hao hawawaachii ng'ombe shamba zima. Hulikata vipande, na baada ya kukamua kundi hupewa kipande kipya, ili kile kilicholiwa kipumzike na majani yachipue tena.

Kazi hiyo ya kukata vipande kwa miaka mingi imefanywa kwa waya mwembamba wa umeme na vijiti vya kuchomeka ardhini. Mtu anaviringisha waya, anang'oa vijiti, anasogea hatua kadhaa, anachomeka upya. Kesho anarudia, mvua inyeshe isinyeshe. Tena alfajiri, saa kumi au saa kumi na moja, lazima mtu aingie gizani kuwaswaga ng'ombe kwenda kukamuliwa, na alasiri awaswage tena. Mama mwenye mtoto mchanga katika shamba la namna hiyo hana tofauti kubwa na mama wa kwetu. Usingizi wake ni wa kuibia.

Hata huo waya wa umeme una historia yake. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa eneo la Waikato, Bill Gallagher, alichoshwa na farasi wake aliyependa kujikuna kwenye gari. Akatengeneza kifaa cha kumpa farasi mshtuko mdogo wa umeme kila alipoligusa. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya uzio wa umeme yenye jina lake mpaka leo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuondoa waya wenyewe. Huko Norway, nchi ya milima na miamba ambako kusimika nguzo ni taabu, kampuni ya Nofence ilianza na mbuzi, kisha ikaendelea na ng'ombe na kondoo. Huko Australia, shirika la utafiti la serikali liitwalo CSIRO lilifanya utafiti wa miaka mingi uliozaa kola iitwayo eShepherd, ambayo sasa inauzwa na kampuni hiyo hiyo ya Gallagher. Na New Zealand, mwaka 2016, kijana mhandisi Craig Piggott alianzisha kampuni ya Halter. Yeye alikulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake huko Waikato, na alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya kutengeneza roketi. Kola zake zilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa hasa.

Jinsi unavyofanya kazi

Kila ng'ombe huvikwa kola shingoni. Ndani ya kola mna betri inayopata nguvu kutoka mwanga wa jua, na chombo kinachopokea ishara za setilaiti, hivyo kola hujua ng'ombe amesimama wapi. Mfugaji hufungua ramani ya shamba lake katika simu, na kwa kidole anachora mstari wa mpaka. Mstari huo hutumwa kwenye kola zote. Kampuni nyingine hutumia mtandao wa kawaida wa simu. Nyingine, kama Halter, husimika minara yake shambani.

Ng'ombe akikaribia mstari, kola inalia. Akigeuka, inanyamaza. Asipogeuka, mlio unaendelea, na akizidi kwenda mbele ndipo anapopata mshtuko wa umeme, ambao ni dhaifu kuliko ule wa waya wa umeme tuliouzoea. Kola za Nofence hulia kwa sauti inayopanda kidogo kidogo, kama mwalimu wa kwaya anavyopandisha noti, hata ng'ombe akajua amebakiwa na nafasi kiasi gani. Akishapata mishtuko mitatu na bado akavuka, kola inaacha kumsumbua na kumpelekea mwenyewe habari kwamba mnyama ametoka. Na akitaka kurudi ndani, anarudi bila kuadhibiwa.

Kola za Halter huongeza jambo jingine. Hulia upande wa kushoto au wa kulia ili kumgeuza ng'ombe, na hutetemeka kumwonyesha kwamba njia anayoiendea ndiyo. Hivyo ndivyo kundi zima linavyoweza kuitwa kwenda kukamuliwa bila mtu wala mbwa nyuma yake.

Tuangalie mpangilio huo vizuri, maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Linatangulia onyo. Kisha inakuja nafasi ya kugeuka. Maumivu, kama yapo, yako mwisho, na njia ya kurudi iko wazi. Kwenye uzio wa kawaida jicho ndilo linalomwonya ng'ombe. Hapa linaonya sikio. Kama mlio haueleweki, au kama leo unalia na kesho haulii, basi kilichobaki ni kumpiga mnyama kwa kitu asichokiona. Hilo halifai mbele ya mtu wala mbele za Mungu.

Kwa hiyo ng'ombe lazima wafundishwe kwanza. Huwekwa mahali palipozungushiwa uzio wa kawaida, na mstari usioonekana huwekwa upande mmoja tu, wajifunze kwamba mlio maana yake ni geuka. Wengi huelewa kwa siku chache, na baadaye hugeuka kwa kusikia tu. Lakini ng'ombe hawafanani. Yuko mwoga anayekaa mbali kabisa na mpaka, yuko mkaidi anayejaribu kila siku, na yuko yule anayemtazama mwenzake na kujifunza kwake.

Watoto wetu si ng'ombe, na hatutaki mtu atusome vibaya. Hata hivyo hapa mzazi ana la kuokota. Mtoto anayechapwa leo kwa jambo alilochekewa jana hajafundishwa mpaka, amefundishwa hofu. Onyo lisilobadilika, na nafasi ya kurudi, vinamfaa kila aliye chini ya malezi ya mwingine.

Faida zake

Faida ya kwanza ni muda na miguu. Mama au baba aliyekuwa akitoka gizani kuwaleta ng'ombe anaweza kuwaamrisha akiwa ndani, akaenda moja kwa moja bandani. Waya wa kusogeza kila siku haupo. Kipande cha malisho kinaweza kupunguzwa au kuongezwa kulingana na majani yalivyo, na kona yenye matope au ukingo wa mto ukafungwa kwa dakika moja.

Faida ya pili ni ya ng'ombe mwenyewe. Kundi linaposukumwa kwa pikipiki na mbwa katika njia ya mawe, ng'ombe hukanyaga ovyo, na kwato huumia. Wakiachwa watembee kwa mwendo wao, kila mmoja huchagua pa kuweka mguu. Anayefuga ajua gharama ya ng'ombe anayechechemea: hali vizuri, maziwa hupungua, na kupandisha huwa shida.

Faida ya tatu ni habari. Kwa kuwa kola iko shingoni usiku na mchana, nyingine huhesabu mwendo wa ng'ombe na kucheua kwake, na kumwonyesha mfugaji ng'ombe aliye kwenye joto au anayeanza kuugua. Kwa maziwa hilo ni jambo kubwa, maana joto likipita bila kuonekana, yabidi kusubiri wiki tatu nyingine.

Yale ambayo kola haiwezi

Sasa tuseme na upande wa pili, maana anayekuja kuuza hatausema kwa sauti.

Uzio usioonekana humzuia aliyevaa kola tu. Haumzuii mwizi, haumzuii mbwa, haumzuii dume la jirani. Ndama asiye na kola hupita atakavyo, na mama yake humlilia ng'ambo. Setilaiti nazo hukosea kwa mita kadhaa, hasa chini ya miti mirefu au kwenye mabonde yenye kuta, kwa hiyo si busara kuutegemea peke yake kando ya barabara ya magari au shamba la mahindi la mtu mwingine. Mpaka wa nje bado unataka uzio wa kushikika kwa mkono. Betri ikiisha, au mtandao ukikatika, mstari mpya haufiki.

Gharama yake nayo haiishi siku ya kununua. Ziko kampuni zinazouza kola na kutoza ada juu yake, na ziko zinazotoza ada kwa kila ng'ombe kwa muda wote unaoitumia. Mwezi wa maziwa mengi unalipa, na mwezi wa ukame unalipa.

Tena kuna swali la mnyama mwenyewe. Watafiti wa Tasmania, kisiwa cha Australia, waliwajaribu ng'ombe wanaokamuliwa na kutoa matokeo mwaka 2021. Siku tatu za mwanzo hawakuona dalili ya taabu. Kuanzia siku ya nne hadi ya sita, mambo yalibadilika: ng'ombe walilala muda mfupi zaidi, wakacheua kidogo zaidi, na katika maziwa yao ilipimwa homoni ya wasiwasi iliyoongezeka. Mtu ambaye angeangalia siku ya pili tu angesema mambo ni mazuri kabisa. Hatusemi hivyo ili kuukataa uzio huu, kwani kola zimeendelea kuboreshwa na ng'ombe wengi sana wamezizoea. Tunasema ili ionekane kwamba simu inaweza kukuambia ng'ombe yuko wapi, na bado ni jicho lako litakalokuambia ana hali gani. Katika Australia hiyo hiyo, majimbo mengine yaliruhusu kola hizi mapema na mengine yalizizuia kwa miaka mingi, kwa sababu ya sheria zao za kuwalinda wanyama.

Wapendwa, fungueni Mithali 27:23 msome wenyewe kile anachoagizwa mwenye makundi. Agizo hilo halijafutwa na setilaiti.

Nani anashika simu?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana ndipo jambo hili linapoingia nyumbani.

Katika uzio wa zamani, lango liko shambani. Aliye karibu ndiye hulifungua, awe mama, mtoto au mfanyakazi. Katika uzio huu lango limo ndani ya simu, na mwenye simu ndiye mwenye lango. Simu ya baba ikiwa mjini pamoja na baba, mama aliye shambani anatazama ng'ombe wenye njaa na majani ng'ambo ya mstari, wala hana uwezo wa kuwafungulia. Na kama simu iko kwa mama peke yake, basi ndiyo itakayolia saa nane usiku kusema ng'ombe fulani ametoka, naye aliyelala ubavuni hasikii. Kazi imepungua kwa miguu ya mmoja, imehamia katika usingizi wa mwingine.

Tunajua nyumba nyingi ambamo mama ndiye anayelisha, anayefagia banda na anayekamua, lakini fedha ya maziwa na maamuzi ya kununua viko upande mwingine. Kifaa kipya hakiponyi hali hiyo. Hukikuta kilichopo na kukikaza. Ndiyo maana tunasema mazungumzo ya mume na mke yatangulie kifaa. Nani atakuwa na ruhusa ya kuchora mstari? Nani ataamka usiku? Ada italipwa kutoka fungu lipi, na siku ng'ombe wakikauka itatoka wapi? Yakiongelewa mapema kwa upole, hayaleti ugomvi. Yakingoja mpaka mkopo umechukuliwa, hugeuka lawama.

Liko na swali la muda uliookolewa. Yakobo alichunga mifugo ya Labani miaka 20, na katika Mwanzo 31 anasimulia jua la mchana, baridi ya usiku na usingizi uliomkimbia. Mungu hakumwumba mtu wala mnyama achoke bila kikomo. Katika Kutoka 23:12 pumziko la siku ya saba limetajwa kwa ajili ya ng'ombe na punda pia, na kwa ajili ya mtumishi na mgeni. Kwa hiyo kupunguza kazi si uvivu, akina mama. Lakini saa mbili zilizookolewa zikitumika kuongeza ng'ombe 50 wengine, pumziko halikupatikana. Nyumba ipange mapema saa hizo ni za nani: za watoto, za ibada, za mama kulala, au za shamba tena.

Na sisi wa ng'ombe wawili?

Wengi wetu tunafuga ng'ombe mmoja, wawili au watatu bandani, tukiwakatia majani na kuwaletea maji. Kwetu uzio usioonekana hauna kazi, kwa sababu ng'ombe hatoki. Mama asidanganyike kuuza ndama ili anunue kola ya ng'ombe aliye ndani ya banda. Fedha hiyo itafanya kazi zaidi kwenye sakafu kavu isiyoteleza, pipa la kuvuna maji ya mvua, shamba la majani ya kukata na chumvi ya madini.

Wenye malisho mapana na kundi kubwa, au vikundi na taasisi zenye mashamba ya mifugo, wao wana la kupima. Waanze kwa kugawa malisho vizuri kwa uzio walio nao. Asiyeweza kupanga zamu za majani kwa waya hatafundishwa na simu. Kisha waulize mambo haya kabla ya kutia sahihi: mtandao unafika kila kona ya shamba? Nani atakuja kola ikiharibika, na kwa muda gani? Tukishindwa kulipa ada, kola zitaendelea kufanya kazi au zitazimwa? Ng'ombe asiyejifunza atafanyiwa nini? Muuzaji mwema atajibu yote bila kukasirika.

Na hata sisi wa bandani tuna la kuchukua. Wenzetu wa mbali wamelipa fedha nyingi ili wajue ng'ombe amecheua kiasi gani, amelala kiasi gani, na lini yuko kwenye joto. Mama anayekaa na ng'ombe wake asubuhi na jioni anaweza kuyaona hayo kwa macho na kuyaandika katika daftari la mtoto lililobaki kurasa. Tarehe, maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, dalili za joto, siku ya kupandishwa. Daftari hilo lining'inizwe mahali ambapo baba na watoto pia wanaliona, ili uangalizi usiwe mzigo wa mtu mmoja.

Ya kujadili nyumbani

Mwezi huu, mkiisha kula, mume na mke waulizane: katika kazi ya mifugo yetu, ni nani anayechoka zaidi, na ni nani anayeamua zaidi? Ni kazi gani moja tunayoweza kumpunguzia mwenzetu bila kununua kitu chochote? Na ng'ombe wetu, je, mara ya mwisho tulimtazama vizuri, kuanzia pua mpaka kwato, ilikuwa lini?

Bwana azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu. Tuonane toleo lijalo, akipenda.